Kiswahili si kosa la kuandika

Wandugu wa Ibanda, Kadutu na Bagira,

Nilimaliza iniversite, kazi hakuna. Siku moja shirika fulani likaniita kwa mtihani wa kompyuta. Klaviye ilikuwa ya Kiingereza, na vidole vyangu vimezoea AZERTY ya Kifaransa. Nikaandika «amani», ikatoka «q;qni». Kufuta na kurudilia njo kulikula saa yangu yote.

Hakuna aliyetuambia kama ndani ya Windows, kwenye mipangilio ya lugha, unaweza kuongeza klaviye ya Kifaransa, kisha unafinya Alt ya kushoto na Shift, inabadilika. Herufi zilizochapwa juu ya vitufe zitakudanganya, lakini vidole vinajua njia. Haiombi hata franka moja.

Ile inaniuma zaidi iko ku simu. Unaandikia wenzako wa kartie kwa Kiswahili, simu inakusahihisha kwa Kifaransa. Mstari mwekundu chini ya kila neno, sawa vile lugha ya mama ni kosa! Na Katiba ya 2006, kifungu cha 1, inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, na inaipa serikali kazi ya kuziendeleza bila ubaguzi.

Juu ya nini basi kompyuta za shule na za komini zinajua Kifaransa tu? Tunadai waongeze Kiswahili. Na wewe, usingoje komini: leo jioni ongeza Kiswahili ku klaviye ya simu yako. Ukikwama, kuja nayo ku mkutano, tutaitengeneza pamoja.