Acheni Kuiuliza Mashine Saa za Hapa

Mtaani ninakoishi maji hutoka saa nane usiku. Ukisikia ndoo zikigongana, ujue yamefika. Lakini kwenye data ya tasnifu yangu, kwa wiki sita, karibu nusu ya majirani hao hao walikinga maji saa tano usiku. Saa tano watu wengi bado wako macho, wanamalizia tamthilia. Saa nane ni usingizi ulioibwa. Ningepeleka ripoti ile kwa wahusika, wangenijibu kwamba hali si mbaya kiasi hicho, na data yangu mwenyewe ingewaunga mkono.

Hakuna jirani aliyedanganya. Kosa lilikuwa langu, mstari mmoja tu wa msimbo: niliiomba mashine "saa za hapa". Waliojaziwa fomu kwenye laptopu ya Windows, iliyowekwa saa za Dar es Salaam, waliandikiwa 02:00. Waliotuma kwa simu waliandikiwa na seva ya Linux, nayo ilikuwa imewekwa UTC, saa ya ulimwengu, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Ikaandika 23:00, tena tarehe ya jana. Msimbo uleule, dakika ileile, majibu mawili, na hakuna alama ya kuyatofautisha.

"Si uongeze tatu tu," wenzangu waliniambia. Uongeze kwenye rekodi zipi? Na hiyo tatu ndiyo inayotulemaza. Sisi wa Tanzania, Kenya na Uganda tumebweteka kwa sababu saa zetu hazisogezwi mbele na nyuma kila mwaka kama Ulaya. Tunadhani tatu ni sheria ya maumbile. Vuka daraja la Rusumo uingie Rwanda, tatu inakuwa mbili. Bujumbura ni mbili. Bukavu ni mbili. Ndugu yako akifungua programu yako akiwa London, tatu yako itamdanganya mwaka mzima.

Wengine husema maktaba za lugha zitashughulikia. Zitashughulikia ukiuliza swali sahihi. Huko chini mifumo endeshi haihesabu sawa. Linux huhesabu sekunde tangu Januari 1, 1970. Windows huhesabu vipande vya nanosekunde 100 tangu Januari 1, 1601. Kati ya mianzo hiyo miwili kuna sekunde 11,644,473,600. Kiwango cha lugha ya C hakisemi hesabu ya time() ianzie wapi. POSIX ndiyo iliyotamka 1970. C++ ilingoja hadi toleo la 2020 kuiandikia system_clock jambo hilo hilo.

Lakini kazi ngumu imeshafanywa. Leo Java, Python na C++ zote zitakupa hesabu moja tangu 1970, uwe kwenye Windows, Linux au macOS. Namba hiyo haijui Dar wala Kigali, na hapo ndipo penye faida yake. Ihifadhi hivyo hivyo. Kama mahali pana maana, hifadhi na jina la eneo kando yake, mfano Africa/Dar_es_Salaam. Kuigeuza iwe saa ya mtu fulani kuwe hatua ya mwisho kabisa, pale anapoisoma.

Na tusijifanye jambo hili ni geni kwetu. Simu inaonyesha 02:00, mdomo unasema saa nane. Hatubadilishi saa ya simu ili ikubaliane na mdomo, tunatafsiri tunapoitamka. Tunachokifanya kila siku bila kufikiri, tunakisahau tukikaa mbele ya kibodi.

Zile wiki sita nimezifuta. Nimerudi kuwaomba majirani waanze upya. Mama mmoja alinitazama, ndoo mkononi, akaniuliza: "Mwanangu, si tulishakwambia ni saa nane?"