Dini ni Nyingi, Msiba ni Mmoja

Katika safari zetu za matawi ya Iramba, Mkalama na Ikungi, liko swali moja linalotufuata kila tunapofungua mkutano. Kijana husimama, huvua kofia yake, husema: "Ndugu Katibu, Chama chahubiri umoja. Je, mwasema dini zote ni moja?" Watu hunyamaza wakingoja, maana wanajua si swali la mchezo. Tukisema ndiyo, shehe na mchungaji wote wawili watatuona tumekufuru. Tukisema hapana, tutaulizwa: basi umoja wenu mmeujenga juu ya nini?

Leo twalijibu hapa gazetini, mbele ya watu wote.

Kwanza, twasema wazi kwamba dini si moja. Mkristo anakiri ya kuwa Yesu ni Mwana wa Mungu, alisulubiwa, akafa, akafufuka. Mwislamu anamheshimu Isa kuwa nabii mkubwa aliyezaliwa na Mariamu bikira, lakini anakana kwamba alisulubiwa, na kusema kwamba Mungu ana mwana ni kwake shirki. Maneno hayo hayapatani, wala si kazi ya katibu wa tawi kuyapatanisha. Mtu anayetuambia ati ni mamoja tu, yametofautiana majina, huyo anawadharau wote wawili, kwa kuwa anawaambia kwamba jambo walilo tayari kulifia ni upuuzi. Umoja unaowataka watu waseme uwongo utavunjika siku ya kwanza ya majaribu.

Lakini twasema na la pili. Chini ya tofauti hizo iko kweli ambayo watu wetu wanaikubali wote, na mwenye kutaka kuiona aanze na ulimi wake mwenyewe. Mkristo wa Kiomboi aingiapo kanisani Jumapili anataja imani, dhambi, sadaka, baraka, malaika na ibada. Maneno hayo yote yana asili ya Kiarabu, nayo yaliingia katika Kiswahili kwa watu wa pwani waliokuwa Waislamu. Mwislamu wa Singida mjini naye, aombapo dua kwa Kiswahili, humtaja Mungu. Neno hilo Mungu halikutoka Arabuni wala halikutoka Ulaya. Ni neno letu Wabantu, ndugu yake Mulungu wa Wagogo wa Manyoni. Mnyiramba naye anamwita Itunda. Basi babu zetu walikuwa na jina la Mwenyezi kabla kitabu chochote hakijafika katika nchi hii, na waliokuja na vitabu walipotaka kutueleza habari zake iliwabidi waliazime jina hilo kwetu. Kisha Mwislamu na Mkristo wakimaliza kuomba, wote husema Amina.

Tuliyoyaona kwa macho yetu ni haya. Katika kijiji kimoja, ambacho hatutakitaja jina kwa heshima ya wafiwa, alifariki mzee wa Kinyaturu. Mzee huyo hakupata kuingia msikitini wala kanisani. Kila asubuhi alitoka nje ya nyumba yake, akalielekea jua linapochomoza, akaomba baraka kwa ajili ya watoto, ng'ombe na mvua, kama baba yake alivyofanya. Aliacha wana wawili wa tumbo moja, mmoja Mwislamu, mwingine Mlutheri. Nyumba za namna hiyo katika mkoa wetu ni nyingi mno. Shabani na Petro wamenyonya ziwa moja.

Wana wale waligombana. Kila mmoja alitaka baba azikwe kwa dini yake, akidai kwamba marehemu alielekea kwake siku za mwisho. Marafiki wa kila upande walikuja wakachochea. Maiti ililala ndani, na huko nje palikuwa na zogo hata juu ya mbuzi wa kuwalisha wageni: nani atashika kisu? Saa zilipita. Ndipo shangazi yao, dada wa marehemu, alipotoka nje na kusema: "Baba yenu alikuwa na Mungu wake kabla ninyi wawili hamjazaliwa. Mtamzika kama alivyoishi. Wewe chimba kaburi. Na wewe chinja mbuzi, wageni wote wapate kula." Mlutheri akashika jembe. Mwislamu akachinja, na hakuna aliyekosa cha kula. Mzee akazikwa kwa desturi ya ukoo wake, na wana wake wakasimama pamoja, kila mmoja akimwombea moyoni kwa namna aijuayo.

Mama yule hakusoma, lakini alilijibu swali la kijana wetu kuliko sisi tulivyowahi kulijibu. Hakumtaka mtu aiache dini yake. Aliwakumbusha jambo lisilobishaniwa na dini yoyote tuijuayo: maiti astahiwe, mgeni alishwe, na ndugu asimtupe ndugu yake.

Msidhani kisu kile kilikuwa jambo dogo. Mwezi wa Februari mwaka 2013, huko Buseresere, mkoani Geita, ugomvi juu ya nani mwenye haki ya kuchinja ulizua fujo, na mchungaji mmoja akauawa. Tangu zamani katika sehemu nyingi za nchi hii Mkristo alimwachia jirani yake Mwislamu kazi ya kuchinja, ili wote wale chungu kimoja. Ilikuwa hisani, na hisani ina uhai maadamu pande zote mbili zinaiona kuwa hisani. Mmoja akianza kuidai kwa nguvu, na mwingine akaikataa kwa kiburi, chungu kinapasuka.

Yatupasa pia kuulizana ugomvi wa namna hii hutoka wapi. Mara nyingi ukiufunua ugomvi wa dini, ndani yake unakuta ugomvi wa shule, wa kazi au wa kiti. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, Waislamu na Wakristo waliijenga pamoja. Hata hivyo, mwaka 1958 Shehe Suleiman Takadir, mwenyekiti wa Baraza la Wazee wa TANU, alifukuzwa chamani baada ya kuonya kwamba serikali itakayokuja itawapendelea Wakristo. Chama kilihofia mgawanyiko, nacho kilikuwa na sababu. Lakini haki yatulazimisha kusema kwamba wasiwasi wa Waislamu wengi juu ya elimu haukuwa ndoto. Chini ya mkoloni shule nyingi zilikuwa za misheni, na baba Mwislamu aliogopa kumpeleka mwanawe mahali atakapobatizwa. Dawa ya jeraha hilo haikuwa hotuba kwamba Mungu ni mmoja. Dawa ilianza kupatikana sheria ya elimu ya mwaka 1969 ilipozichukua shule hizo kuwa za taifa, na mlango ukafunguliwa kwa mtoto wa kila dini. Anayetaka watu wa dini mbalimbali wapendane, na agawe haki sawasawa kwanza.

Sasa twajigeukia wenyewe, maana mwalimu asiyejisahihisha hafai kusahihisha madaftari ya wengine. Katika mikutano yetu tumezoea kumwita shehe aombe, kisha padre au mchungaji. Hapo hapo, chini ya mti, ameketi mzee ambaye dua yake ni ya zamani kuliko zote mbili, na sisi humpita kama kwamba hayupo. Wengine humwita mpagani mbele ya wajukuu zake. Jambo la ajabu ni kwamba Mwislamu na Mkristo wanaobishana kutwa nzima hupatana upesi katika kumcheka mzee huyu. Hiyo ni kasumba. Kama twaamini kweli kwamba Mungu hakuwaacha watu wake bila kuwaonyesha jema na baya, hatuwezi kusema kwamba Singida ilikaa gizani mpaka mgeni wa kwanza alipofika. Wazee hao ndio waliofundisha kwamba aliyevuna hamwachi jirani kufa njaa. Walifundisha hivyo katika nchi kavu, ambamo ukame haumbagui mtu kwa dini yake.

Kwa hiyo twawaomba wanachama mambo matatu. La kwanza, mtu akiomba uongozi katika tawi, pimeni kazi yake na uaminifu wake. Mwenye kunong'ona juu ya dini ya mgombea anyamazishwe pale pale. La pili, wale wanaofunga vipaza sauti sokoni na kutukana kitabu cha wenzao wasivumiliwe. Kuhubiri ni haki ya kila raia, na Katiba ya 1977 inailinda. Kutukana dini ya mwenzio kumekatazwa na sheria. La tatu, mzee wa mila apewe nafasi yake ya heshima katika mikutano, asije akaalikwa tu siku ya ngoma.

Nawe kijana uliyetuuliza, jibu letu ni hili. Dini si moja, na kila mtu ashike yake kwa moyo wote. Lakini mkimaliza kubishana juu ya mbingu, jirani yako bado yupo hapo ulipomwacha, na hakuna dini hata moja kati ya hizi inayokupa ruhusa ya kumdhulumu. Tumepata hospitali ya Makiungu, iliyoanzishwa na watawa Wakatoliki miaka ya 1950, na hakuna aulizaye kwanza kama mama aliyeletwa na uchungu usiku anasali Ijumaa au Jumapili. Anza hapo. Siku utakapoitwa kwenye msiba wa mtu asiye wa dini yako, chukua jembe uende.

Uhuru na Umoja.