Kusoma Maandiko Kila Siku

Wakristu wengi husikia Injili siku ya Dominika, hurudi nyumbani, na Kitabu Kitakatifu hubaki sandukuni mpaka Dominika nyingine. Wakiulizwa sababu, wengine hujibu kwamba kusoma Maandiko ni kazi ya padri na katekista. Wengine husema nafasi hawana: kuna shamba, kuna soko, kuna wavu. Majibu hayo hayatoshi.

Watu wa Baraka wanaijua kazi ya ziwa. Mvuvi hutoka usiku na taa zake kutafuta ndagala, lakini wavu huutengeneza mchana, kidogo kidogo, wakati hakuna haraka. Anayengoja samaki wafike ndipo ashike uzi, atarudi na mtumbwi mtupu. Vivyo hivyo mkristu hawezi kungoja saa ya taabu ndipo atafute neno la Mungu. Saa hiyo hafungui kitabu. Ana lile tu lililokwisha kukaa moyoni.

Tarehe 28 Novemba 1964, siku za uasi wa Simba, jipu ya waasi ilisimama mbele ya misheni ya Baraka. Bruda Vittorio Faccin aliamriwa apande. Akakataa, akapigwa risasi. Padri Luigi Carrara alikuwa kanisani akiungamisha. Alipotoka na kumwona mwenzake amelala chini, hakutaka kwenda mahali pengine: alipiga magoti karibu naye, akauawa hapo. Siku ile ile jioni waasi walipanda mpaka Fizi, wakamwua Padri Giovanni Didonè na Abe Albert Joubert. Watatu walikuwa wamisionari Waksaveri kutoka Italia. Abe Albert alikuwa mzaliwa wa pwani ya ziwa hilo hilo, upande wa Moba. Baba yake Kapiteni Joubert, mama yake Agnes Atakaye. Wote wanne walitangazwa Wenye Heri huko Uvira tarehe 18 Agosti 2024.

Padri amefungwa na wajibu wa kusali Zaburi kila siku, hata akiwa amechoka, hata moyo ukiwa mkavu. Wako wanaoona kawaida hiyo kuwa mzigo wa bure. Lakini mtu hajifunzi siku moja kupiga magoti karibu na maiti ya mwenzake badala ya kuomba asamehewe roho yake. Neno la Yezu juu ya mtu anayetoa uhai wake kwa ajili ya rafiki zake huingia polepole, kama maji katika udongo mgumu.

Si mapadri tu. Vita vya mwaka 1996 vilipofika, watu wengi wa Fizi na Baraka walivuka ziwa wakakimbilia Tanzania, na wengi wao walikaa miaka katika kambi ya Nyarugusu. Mwenye kukimbia hubeba mtoto, sufuria na blanketi. Vitabu huachwa. Zaburi aliyoizoea hakuna anayeweza kumnyang'anya njiani.

Kanisa lenyewe halikuwaachia mapadri peke yao kazi hii. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliwahimiza waamini wote wasome Maandiko mara kwa mara, na mwaka 2019 Baba Mtakatifu Fransisko aliweka Dominika ya Neno la Mungu.

Ila iko namna mbaya ya kusoma. Mtu anayefunga macho, akafungua kitabu popote, akaweka kidole ili ajue kama safari yake itafaulu, huyo anapiga ramli, hasomi. Tena mtu anayesoma kurasa ishirini leo kwa bidii kubwa, kisha akaacha mwezi mzima, hafaidiki sana. Na asiyeelewa asione haya. Katika Matendo ya Mitume yuko mkubwa mmoja wa Etiopia aliyesoma kitabu cha Isaya garini, wala hakukielewa mpaka Filipo alipopanda akakaa naye. Katika shirika hakukosi mtu wa kuulizwa.

Injili ya Marko ina sura 16 tu. Mtoto wa darasa la tano akiwasomea wazazi wake nusu ya sura kila jioni, kwa sauti, kabla taa haijazimwa, ataimaliza kwa siku 32. Nyumbani ambako baba na mama hawakupata shule, mtoto huyo ndiye msomaji wa jamaa nzima, na wazee watamkumbusha wenyewe saa ikifika.