Jasho la Kibarua wa Pamba ni Amana

Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake.

Ndugu zetu Waislamu, Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 na makao yake makuu yakiwa Bariadi, unasifika kwa kilimo cha pamba hapa nchini. Lakini pamba haijichumi yenyewe. Ipo mikono inayopalilia na kuchuma, na ipo migongo inayobeba marobota vinuni. Miongoni mwao wamo vijana na kina mama waliotoka vijiji vya mbali, wakaja kwa msimu tu, bila ya mkataba wa maandishi wala jamaa wa kuwatetea.

Dhulma dhidi ya watu hawa huja kimya kimya. Kibarua hupatana malipo ya ekari. Akimaliza kazi, huambiwa ekari haikutimia. Hukatwa fedha za chakula alichodhani ni cha bure. Huambiwa "njoo Jumatatu", na Jumatatu hiyo haifiki mpaka msimu umekwisha. Akisharudi kwao, nauli ya kuja kudai huzidi deni lenyewe. Hunyamaza, nasi tukadhani amesamehe.

Wapo wanaotoa udhuru. Tunaukumbuka msimu wa mwaka 2019, bei elekezi ilipokuwa Sh 1,200 kwa kilo huku bei ya soko la dunia ikishuka. Wanunuzi walisita, na wakulima wengi wa Kanda ya Ziwa wakasubiri fedha zao kwa miezi. Mwenye shamba asipolipwa, atamlipa nini kibarua?

Uislamu haukulisahau hili. Suratul-Baqara, aya ya 280, inaamrisha mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda. Lakini Mtume (s.a.w.) amebainisha vilevile kuwa mwenye uwezo kuchelewesha kulipa ni dhulma. Basi ikiwa fedha za pamba zimeingia, tukanunua ng'ombe na mabati kabla ya kumlipa aliyechuma, udhuru wetu uko wapi? Isitoshe, kibarua ni mwajiriwa, si mshirika. Bei ikipanda hagawiwi faida. Vipi ikishuka abebeshwe hasara?

Katika hadithi Qudsi aliyoipokea Bukhari kwa Abu Hurayra (r.a.), Allah anawataja watu watatu atakaokuwa hasimu wao Siku ya Kiyama. Mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akaitimiziwa kazi yake, kisha asimpe ujira. Ni nani atakayesimama mbele ya hasimu huyo?

Kinyume chake ni yule bwana miongoni mwa watatu waliozibiwa na jabali pangoni. Kibarua wake aliondoka bila ya kuchukua ujira. Yeye akauzalisha mpaka ukawa mifugo, na mwenyewe aliporudi akamkabidhi yote. Kwa amali hiyo aliomba, na jabali likasogea.

Sheria ya nchi nayo haiko kimya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kukata ujira kiholela, na mwajiri asipotoa maandishi ya masharti ya kazi mbele ya sheria, mzigo wa ushahidi humwangukia yeye. Madai ya ujira hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipozuka.

Nasaha yetu ni hii: tuandikiane kabla ya kazi kuanza, kama aya ya 282 ya sura hiyo hiyo inavyotufunza katika madeni. Tupime ekari mbele ya mashahidi. Maimamu na kamati za misikiti wamsikilize kibarua mgeni, awe Muislamu au asiwe, kwani dua ya aliyedhulumiwa haina pazia mbele ya Allah. Nasi wazazi, kabla ya kuwapakulia watoto, tujiulize: je, katika sinia hili hamna jasho la mtu?

Tunamuomba Allah (s.w.) atusafishie chumo letu na atupe wepesi wa kurejesha haki za watu kabla ya siku ambayo deni halitalipwa kwa fedha bali kwa mema yetu. Amin.