Sauti Kwanza, Majina ya Herufi Baadaye

Mhariri Mtukufu,

Binti yangu wa miaka sita, ambaye kwa udhaifu wa kifua namsomesha nyumbani hapa Maua, alihifadhi chati nzima ya herufi niliyomnunulia mjini, lakini nilipomwandikia neno "mama" alisoma, tena kwa fahari, "em-ei-em-ei", kwa kuwa chati ile, kama nyingi ziuzwazo huku, hutaja majina ya herufi kwa Kiingereza na kuzisahau sauti zake. Ikanilazimu kukata herufi kutoka mfuko mtupu wa unga, nikaisogeza m polepole kuielekea a huku nikivumisha midomo, mmmm, hata zilipogusana akapiga ukelele: "Ma!" Mpango wa kufundisha kusoma uitwao Tusome, ulioenea nchini Kenya mwaka 2015, uliwafundisha watoto wa shule za serikali sauti hizo hizo, lakini ajabu ni kwamba sisi wa nyumbani hatuioni miongozo yake madukani. Nawasihi wakuu wa elimu wa Kaunti ya Meru watuwezeshe kuinunua, na msomaji mwenye nakala kuukuu anijibu katika ukurasa huu.

Wako mtiifu,
Mzazi, Maua