Kahawa na Maradhi ya Saratani

Asubuhi za Juni na Julai, baridi ya Dodoma huwakusanya wazee na vijana penye birika la kahawa, kila mmoja akikitaka kikombe chake kingali chafuka moshi. Wako wanaohofu kuwa kinywaji hiki huleta saratani. Yafaa tueleze yaliyojulikana.

Mwaka 1991 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, walioko Lyon, Ufaransa, walisema huenda kahawa ikaleta saratani ya kibofu cha mkojo. Mwaka 2016, baada ya kutazama chunguzi zaidi ya 1,000, waliiondolea tuhuma hiyo. Wanywaji wengi wa kahawa walikuwa wavuta sigara pia, na sigara ndiyo iletayo saratani ya kibofu.

Lakini walionya kuwa kinywaji chochote kinywewacho kikiwa na joto lipitalo nyuzi 65, kiwe kahawa, chai au maji, yaelekea huleta saratani ya umio, yaani njia ipelekayo chakula tumboni. Na maradhi hayo ni mengi katika Afrika ya Mashariki, nchi yetu ikiwamo.

Basi, enyi wazazi na vijana, kinga ni subira. Imepokewa kwamba Bibi Asma binti Abubakar (R.A.) alipopika tharidi aliifunika mpaka ukali wa mvuke uondoke. Nasi tungoje kikombe kipoe kidogo, na sigara tuiache kabisa. Na aonaye chakula chamkwama kifuani, asikawie kwenda hospitali.