Nondo Zinazongoja

Ndugu zangu mnaojenga Kisauni,

Nimesikia ramani imepitishwa na nguzo zimesimama. Hongereni. Kabla zege la dari halijamwagwa, nitegeeni sikio.

Mwaka 2016 huku Amsterdam palijengwa mahakama ya muda, kazi ya wasanifu wa cepezed. Tangu ikiwa karatasini ilijulikana itahama, kwa hiyo vipande vya sakafu vilifungwa kwa bolti visigandane. Muda ulipokwisha likafunguliwa jengo zima, likaunganishwa upya mjini Enschede liwe la ofisi. Waliolichora hawakujua nani angelitaka baadaye. Walijua tu kwamba mahakama haitalihitaji daima.

Msidhani hii ni akili ya Wazungu peke yao. Kule Lamu binti akiolewa nyumba ilipandishwa ghorofa, na nafasi ikibana wakavuka kichochoro kwa wikio, chumba kinachopita juu ya njia. Hata nondo tunazoacha zimechomoza juu ya paa ni mpango wa kesho: mtoto akipata, atapandisha. Kasoro yake ni kwamba zinangoja kesho moja tu, ile ya neema (na kutu haingoji).

Lakini kesho ziko nyingi. Mfaransa Pierre Wack, aliyeiandaa kampuni ya Shell kabla ya msukosuko wa mafuta wa 1973, hakuwa mtabiri. Yeye na wenzake walitunga hadithi kadhaa za mambo yanayoweza kutokea, kisha wakapima uamuzi wa leo ungesimamaje katika kila moja. Basi kaeni barazani na fundi mtunge zenu. Joto lizidi na umeme upande bei hadi mpangaji azime kiyoyozi: kusi na kaskazi zitaingilia wapi, zitokee wapi? Maji ya chemchemi za Mzima, yanayosafiri zaidi ya kilomita 200 kuwafikia, yapungue: mvua ya masika itashuka tangini au barabarani? Na ile hadithi msiyopenda kuitaja, kwamba watoto wote wataondoka kama nilivyoondoka mimi. Hapo nyumba ya familia itabidi igawanywe iwe ya kupangisha. Ngazi ikiwa nje na mabomba yakipita mahali panapofunguka, ni kazi ya wiki chache. Yakizikwa ukutani, mtabomoa.

Tangi la kuchimba chini nalilipia mimi. Ule ukuta wa vioo unaotazama magharibi, kaka, tafuta mfadhili mwingine.

Ndugu yenu,
Amsterdam